Mafuta ya alizeti yatolewe juani

Anayesafiri barabara kuu kati ya Iringa na Mbeya huyaona: mafuta ya alizeti yamepangwa mezani kando ya lami, ndani ya chupa za maji zilizokwishatumika, yakipigwa na jua mchana kutwa. Ni mafuta bora, na tunayaharibu wenyewe.

Ubora wake haupo kwenye nguvu. Mafuta yote ya kupikia, ya bei mbaya na ya kupima, hutoa takribani kalori 9 kwa gramu. Wala haupo kwenye maandishi ya "hayana lehemu". Mafuta ya mimea hayana lehemu ya kuhesabika, kwa hiyo muuzaji anajisifia asichokifanyia kazi. Tofauti iko kwenye sehemu inayoganda, ile ambayo madaktari wa moyo hututaka tuipunguze. Katika gramu 100 za alizeti ni kama gramu 11. Katika mawese hukaribia 50. Mkazi wa Uyole au Mafinga hahitaji maabara: baridi ya Juni huyagandisha ya mawese chupani, ya alizeti yakaendelea kumiminika.

Hata hivyo, mawese mekundu ya Kyela yasidharauliwe. Rangi ile mwili huigeuza vitamini A, nayo hupotea mafuta yakisafishwa kiwandani. Alizeti haina utajiri huo. Mali yake ni vitamini E, na mwanga na hewa ndivyo vinavyoimaliza, mafuta yakaanza kuchacha.

Kanuni za mwaka 2011 zinataka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A. Mashine ndogo za kukamua mitaani kwetu bado ziko mbali na agizo hilo, katika mkoa wa Iringa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mafuta peke yake hayakutufikisha hapo, lakini mtoto anayekula ugali na mboga hawezi kuvuna vizuri vitamini A ya mboga hizo bila mafuta.

Na karai la chipsi? Alizeti iliyochemshwa kutwa, kesho ikachemshwa tena, sehemu kubwa ya ubora wake imekwisha. Mafuta yakishakuwa meusi na kutoa povu, yamwagwe.

Manispaa ya Iringa na Jiji la Mbeya waanze na vivuli na madumu yasiyopitisha mwanga. Hilo halihitaji bajeti ya Bunge. TBS, shirika la viwango lenye dhamana ya usalama wa chakula tangu 2019, ishirikiane na SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuwafikia wakamuaji wadogo kwa mafunzo na vitamini kabla ya faini. Yote yawe tayari kabla mashine hazijaanza kukamua mavuno yajayo.