Shabiki, piga picha ya straika, ndege ya vita achana nayo

Wana Msimbazi na Jangwani wakienda JNIA kupokea timu, simu zote huwa juu. Picha ya straika mpya haina kesi. Ila jirani tu, Ukonga, kuna kambi ya jeshi la anga, na kupiga picha kambini bila kibali ni kosa.

Mwaka 2001 wapenzi 14 wa ndege, Waingereza na Waholanzi, walikamatwa Ugiriki wakidaiwa ujasusi. Walishinda rufaa 2002, baada ya mwaka mzima wa presha.

JWTZ nalo litenge siku ya wananchi kuziona ndege zake kwa karibu, wapige picha kihalali. Mpaka hapo, kulala lupango kwa picha moja ni kujifunga mwenyewe dakika ya 90.