TAHARIRI: Mbegu bora bila mhimilishaji ni kazi bure

Kila mara wakulima wetu huambiwa wafuge ng'ombe wa kisasa. Hatuna ugomvi na ushauri huo. Chotara wa Friesian au Ayrshire, akilishwa na kuogeshwa ipasavyo, humpita zebu wetu mbali kwa maziwa, na watoto wengi wa Kilimanjaro, Tanga na Kagera wamelipiwa ada kwa maziwa hayo. Swali letu ni moja: ng'ombe huyo akishafika kijijini, atapandishwa na nani?

Ng'ombe hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na kwa kawaida joto lenyewe halizidi siku moja. Akionekana asubuhi, inafaa ahimilishwe jioni ya siku hiyo hiyo. Mbegu nazo hutunzwa ndani ya naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni ikiisha wilayani, au mhimilishaji akikosa mafuta ya pikipiki, mfugaji anasubiri wiki tatu nyingine huku ng'ombe akila bure. Akichoka, anaazima dume la jirani. Dume hilo humpanda mama, kisha humpanda binti yake mwenyewe, na ubora uliogharimiwa kwa miaka unapotea.

Jirani zetu wa Kenya wameyaona haya. Kituo cha Kabete kilianza mwaka 1946, na huduma ya taifa ikaanzishwa mwaka 1966 kwa bei aliyoimudu mkulima mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uhimilishaji zaidi ya 500,000 ulifanyika kwa mwaka. Serikali ilipoanza kujitoa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watoa huduma binafsi walikwenda penye barabara na wateja. Wafugaji wengi wa mbali walirudi kwenye dume la jirani.

Tanzania inacho kituo chake Usa River, Arusha. Sisi tunasema mafanikio ya kituo hicho yapimwe kwa ndama wanaozaliwa vijijini, si kwa idadi ya mirija ya mbegu iliyotengenezwa. Naitrojeni, usafiri na mishahara ya wahimilishaji viwemo kwenye bajeti za halmashauri.

Nasi tulio ughaibuni, tunaotuma fedha ili wazee wanunue mtamba, tuulize kwanza: mhimilishaji yuko umbali gani? Majani yapo? Nani ataandika daftarini ndama ni wa dume gani? Pasipo majibu, wana wa kijiji kimoja tuchangie kwanza mtungi wa naitrojeni. Mtamba atafuata.