Simu Mmeichukua, Mtoto Je?



Mwanafunzi wetu mmoja aliacha kuja madrasa wiki mbili. Tulipouliza tukaambiwa anaumwa. Kumbe wenzake walimpiga picha akisoma, macho amefumba, mdomo wazi, wakaigeuza stika ya WhatsApp. Kila akiandika neno kwenye kundi, anarushiwa sura yake mwenyewe. Alipomweleza baba, jawabu likawa kunyang'anywa simu.

Tunasema wazi: hapo aliyeadhibiwa ni aliyeonewa. Stika iliendelea kuzunguka, na wadogo zake nyumbani wakajifunza kuwa ukionewa, nyamaza.

Wapo wanaosema ni utani wa watoto. Utani gani unaomfanya mtu aogope darasa? Suratul Hujurat, aya ya 11, ambayo watoto hao hao tumewafundisha, inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza uonevu huu.

Mzazi mwenzetu, mwanao akikuletea simu, kaa naye msome pamoja. Msifute kitu, huo ndio ushahidi. Kisha njooni madrasa, na mzazi wa aliyerusha tutamwita pia.

Nasi tuna kosa letu. Kundi lile tulilianzisha sisi kwa ajili ya ratiba, tukaliacha bila msimamizi. Tangu Shaabani mwalimu mmoja analiangalia. Mtoto yule amerudi, yuko Juzuu Amma, ila bado anakaa safu ya nyuma.