White Sox wanatuambia tusubiri. Tuonyesheni risiti kwanza

Kama besiboli unaijua kupitia mkeka tu, basi White Sox ni ile timu ya Chicago unayoiwekea ipigwe halafu unalala fofofo. Sikulaumu. Msimu uliopita walipoteza mechi 121 kati ya 162, na tangu 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyowahi kupigwa mara nyingi hivyo katika msimu mmoja. Wiki hii ligi imepumzika kwa ajili ya mechi ya nyota iliyochezwa Jumanne kule Atlanta, na hesabu ya nusu msimu wa 2025 ndiyo hii: wameshinda 32, wamepigwa 65. Mwaka jana wakati kama huu walikuwa wameshinda 27. Yaani mwaka mzima wa kujengwa upya umetuletea mechi tano. Maze, tano!

Utauliza Mkenya anatafuta nini huko. Swali zuri. White Sox ni timu ya South Side, upande wa kusini wa Chicago, na ndiko Barack Obama alikojenga maisha yake kabla ya kuingia Ikulu. Jamaa ni White Sox damu. Mwaka wa 2009, akiwa rais, alirusha mpira wa kwanza wa mechi ya nyota mjini St. Louis akiwa amevaa jaketi la White Sox, bila kuwaonea haya wenyeji. Kwa hivyo ukitaka ukoo upo, unapitia Kogelo. Na tangu Mei timu ina Papa pia. Mashabiki wa Cubs, wale majirani wa upande wa kaskazini, walipojaribu kumdai Leo XIV, kaka yake aliwakata kauli: ni White Sox. Alikuwa hata uwanjani mechi ya kwanza ya fainali za 2005. Watu wanatania kuwa sasa miujiza itaanza. Mimi utani huo umeshanichosha, kwa sababu Papa hawezi kurusha mpira kwa kasi ya maili 95 kwa saa.

Huo wa 2005 ndio ubingwa wa mwisho. Kabla yake ni 1917. Katikati kuna aibu ya 1919, ambapo wachezaji wanane walifungiwa maisha kwa sababu ya njama ya kuuza fainali kwa wacheza kamari. Ni Mei mwaka huu tu ligi ilipowaondolea marufuku hiyo, Joe Jackson akiwemo, na wote walishakufa zamani. Wewe wa mkeka, liweke hilo akilini.

Shabiki wa AFC Leopards ananielewa bila mkalimani. Ingwe hawajachukua ligi tangu 1998, na wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa. Lakini Ingwe wakilala sana kuna shoka la kushushwa daraja. Besiboli ya Marekani haina shoka. Ni timu 30, zile zile, kila mwaka. Ukimaliza mkiani unabaki palepale, tena kwa kawaida unapata nafasi nzuri ya kuchagua chipukizi wapya. Wenye timu wakajifunza ujanja: uza nyota, kusanya watoto, pigwa miaka kadhaa, waambie mashabiki wasubiri. White Sox hata ujanja huo umewakwama. Kuna kanuni inayozuia timu fulani kupata nafasi za juu miaka miwili mfululizo, kwa hivyo Jumapili iliyopita, baada ya vichapo 121, walichagua wa kumi. Wa kumi!

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana filamu hii tumeshaiona. Desemba 2016 White Sox walimuuza mrushaji wao bora, Chris Sale, kwa Boston. Wakapewa chipukizi, wakubwa wao wakiwa Yoán Moncada na Michael Kopech. Tukaambiwa subirini. Tukasubiri 2017, 2018, 2019, misimu mitatu ya vichapo. Sale naye akachukua ubingwa na Boston mwaka wa 2018. Mavuno yetu yalikuja 2020 na 2021: mara mbili mfululizo kwenye mchujo, mara mbili kutolewa raundi ya kwanza waliyocheza, kwanza na Oakland halafu na Houston. Ikaishia hapo. Kopech aliuzwa kwa Dodgers Julai mwaka jana, na miezi mitatu baadaye Dodgers wakawa mabingwa. Moncada aliachwa aende zake.

Halafu Desemba 2024, White Sox wakamuuza mrushaji wao bora, Garrett Crochet. Kwa nani? Kwa Boston. Kwa chipukizi wanne. Boston wakampa mkataba wa dola milioni 170, na msimu huu anawachoma wapigaji kama kawaida. Sisi tukaambiwa, kadiria tu.

Si kwamba napinga subira. Kijana wa Nairobi amelelewa kwa subira: subiri kazi, subiri HELB, subiri stima irudi. Ila kuna subira ya kujenga na kuna subira ya kuzubaishwa, na kwa macho ya kawaida zinafanana sana, kwa sababu zote mbili unapigwa. Tofauti utaiona ukiangalia nani yuko uwanjani wakati unapigwa.

Mwaka jana tulipoteza 21 mfululizo, na ukitazama ile timu ulikuwa hujui hata ni nani unapaswa kumtarajia kesho. Mwaka huu angalau kuna sura. Kyle Teel, mdakaji aliyetoka Boston kwa ile biashara ya Crochet, yuko uwanjani tangu Juni. Chase Meidroth, wa biashara hiyohiyo, anacheza tangu Aprili na hapigwi nje kirahisi. Edgar Quero, mdakaji mwingine, Mkuba, naye ni mgeni wa mwaka huu. Shane Smith alichukuliwa kutoka Milwaukee Desemba, kwenye zoezi la kuokota wachezaji ambao timu zao hazikuwalinda, na mwezi huu ndiye aliyetajwa kuwa nyota wa White Sox. Alipatikana karibu bure.

Anayenikosesha usingizi ni Colson Montgomery. Alichaguliwa raundi ya kwanza mwaka wa 2021 na kwa miaka mitatu tulikuwa tukiambiwa huyu ndiye. Mwaka huu, akiwa ligi ya chini, alishindwa kabisa kuugusa mpira. Wakamtoa kwenye mechi, wakampeleka Arizona arekebishwe namna anavyopiga, peke yake na makocha. Fikiria una miaka 23, mtandaoni watu wameshakuzika. Julai 4 akaitwa timu ya wakubwa. Bado ni mapema mno kusema lolote, lakini yuko uwanjani, na anacheza kila siku.

Hiyo ndiyo risiti ninayoitaka, na nampa kocha mpya Will Venable haki yake. Wasiwasi wangu uko juu zaidi. Jerry Reinsdorf ameimiliki timu tangu 1981, na pia ni mwenye Bulls, zile za Jordan. Mwaka jana mashabiki walimwimbia uwanjani auze. Mwezi uliopita ukatangazwa mpango wa kumpa Justin Ishbia njia ya kuchukua usukani, ila mapema kabisa ni 2029. Subira nyingine hiyo, msee, na safari hii haina hata chipukizi wa kutazama.

Kwa hivyo mtihani wa kweli ni Julai 31, siku ya mwisho ya kuuziana wachezaji. Luis Robert Jr., ambaye 2023 alipiga mipira 38 nje ya uwanja, sasa hafikishi hata wastani wa .200, na kila mtu anasema atauzwa. Wakimuuza kwa mtu anayeweza kucheza mwaka huu au ujao, sawa. Wakimuuza kwa watoto wa miaka 18 ambao tutawaona 2030, basi jibu tutakuwa tumelipata. Mimi ningembakiza. Bei ya leo ni ya mtu aliyeshuka, na timu haina mwingine wa kuijaza ile nafasi ya katikati.

Ijumaa wanarudi, ugenini Pittsburgh. Ukitaka kujaribu, epuka mechi za usiku za Chicago, maana saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni kwao ni saa nane na dakika arobaini usiku hapa, na bosi wako hatakuelewa. Anza na ya Jumapili mchana, ambayo hapa ni kama saa mbili unusu usiku. Mtafute Montgomery. Bado hajapiga hata mpira mmoja nje ya uwanja.