Ushanga Wasifiwa, Uzi Wasahauliwa

Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami alichapisha habari za shanga za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, upande wa Kibiti, akazinasibisha na biashara ya dola ya Kirumi. Tangu hapo waandishi wa mambo ya kale ya delta ya Rufiji hupenda kuanzia kwenye shanga hizo, na wengine huishia hapo hapo. Zimegeuzwa hati ya kuthibitisha kwamba wageni walifika. Nani alizitunga, na kwa uzi gani, ni suali lisilopewa hata nusu ukurasa.

Jawabu jepesi ni kwamba uzi umeoza. Naam, umeoza, lakini kuoza si kutokuwapo. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinaitaja bandari ya Rhapta na kueleza kuwa jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa. Ubishi juu ya mahali palipokuwa bandari hiyo haujaisha, na Chami ni miongoni mwa wanaoielekeza Rufiji. Kitabu hicho hicho, kikiorodhesha bidhaa zilizoletwa, kinataja mikuki, mashoka, visu, vito vya kioo, na misharasi. Kioo kimeandikiwa makala. Misharasi imepitwa kama haipo. Nani ahitajiye msharasi isipokuwa mwenye kutoboa na kushona? Watu waliounga mbao za mtepe kwa kamba za makumbi, zikastahamili chumvi na mawimbi, hawakungoja kuletewa ushanga ndipo waujue uzi.

Dharau hiyo ya maktabani ndiyo dharau ya sokoni. Shanga hutungwa kwa mshipi wa nailoni, kwa kuwa ni rahisi na hauhitaji sindano: ncha yake ngumu hujipenyeza wenyewe. Husemwa kuwa uzi wowote utafaa, maadamu unapita tunduni. Kauli hiyo ni ya mtu asiyepata kuokota shanga mia tatu sakafuni. Mshipi una nguvu za kumvuta samaki, walakini ushanga si samaki. Hukumbuka duara la kibiringo ulikozongwa, ukakataa kulala shingoni. Hurefuka kidogo kidogo kwa uzito, mpaka pengo litokee baina ya ushanga na ushanga. Fundo lake huteleza, na jua huudhoofisha. Kubwa zaidi, tundu la ushanga wa kioo huwa na ukingo mkali, na ukingo huo huukereza mshipi polepole, siku baada ya siku, bila ya mvaaji kujua. Uzi wa mpira ndio usiseme: hulegea kabla rangi za shanga hazijachujuka.

Uzi wa pamba nao una aibu yake, kwani jasho huuozesha. Ndiyo maana hupakwa nta ya nyuki, ukakunjwa mara mbili au tatu, na kazi ikiwa ya thamani hupigwa fundo baina ya kila shanga mbili, ili uzi ukikatika uanguke ushanga mmoja tu. Wavuvi wa pwani walizitia nyuzi zao maji ya magome ya mikoko zisioze, na delta ya Rufiji haina uhaba wa mikoko. Katani ni imara lakini hukwaruza. Wala hapana haja ya kuikimbia nailoni yote: ile iliyosokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi, watumiayo washona viatu, ikitiwa nta hulainika na hushika fundo.

Mtihani wenyewe ni utunda. Kidani huvuliwa jioni kikatundikwa. Utunda wa kiunoni huogwa nao na hulalwa nao. Uzi wake sharti uwe laini usikate ngozi, ustahamili maji na jasho, na uziache shanga zicheze na kulia bila ya kuachana. Atakayefunga kiunoni mshipi wa kuvulia ataijua tafauti kabla ya alfajiri.

(Kiswahili, kwa kuwa kina akili kuliko baadhi ya wenye kukiandika, kimetumia kitenzi kimoja, kutunga, kwa shanga na kwa mashairi. Wapo washairi wa siku hizi wenye maneno yanayong'ara kama kioo cha Rumi, na uzi hamna.)

Watasema shanga za Mkukutu huenda zilifika zimekwisha tungwa. Huenda. Lakini na watazame misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda bara. Ushanga haukuhesabiwa mmoja mmoja. Bei ilitajwa kwa kete, yaani mtungo mmoja, na kete 10 zikafanya fundo 1. Kioo kilitoka Venice. Kipimo kilikuwa uzi, na jina la kipimo likatoka kwenye mkono wa aliyeufunga.