Pumu ya Mtoto Haingoji Barabara Ikauke



Barua ya uhamisho ikimfikia askari, nyumbani hufungwa magodoro na masufuria. Mzazi mwenye mtoto wa pumu na atangulize dawa.

Hapa Juba, mtoto akibanwa kifua usiku, Hospitali ya Watoto ya Al Sabah ipo mjini, na mwenye fedha aweza kutafuta inhela katika maduka ya dawa. Pibor sivyo. Mvua zikishika, magari hukwama kwa majuma mengi. Tena moshi wa kuni ndani ya tukuli, na ule wa samadi unaofukuza mbu, humchokoza mtoto kifua.

Lakini wakazi wa mjini nao wana kosa lao. Wengi humvutisha mtoto salbutamoli pekee, akipata nafuu husahau. Dawa hiyo hufungua njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hubaki. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kukinga, kama vile beklometasoni au budesonidi, ivutwayo kila siku hata mtoto akiwa mzima, kisha asukutue kinywa. Kosa hilo mjini huokolewa na hospitali iliyo jirani. Kijijini hakuna wa kuliokoa.

Kwa hiyo, kabla ya safari mwone daktari. Omba dawa zote mbili, za kutosha msimu mzima wa mvua, na maelezo yaliyoandikwa.

Chukua pia chupa ya plastiki ya nusu lita. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa hiyo yaweza kumsaidia mtoto mwenye pumu sawa na kifaa cha kununuliwa. Ioshe kwa sabuni, ikauke. Toboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa inhela, ushike barabara pasivuje. Mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Puliza mara moja, naye avute na kutoa pumzi polepole mara kadhaa. Kwa mtoto mchanga, mwombe daktari kifaa chenye barakoa.

Akishindwa kusema au kunyonya, mbavu zikiingia ndani, au midomo ikigeuka buluu, mpeleke kwa mganga upesi, huku ukiendelea kumpa salbutamoli njiani.

Askari haendi lindo na risasi moja. Mtoto wake naye asihamishwe na inhela iliyokaribia kwisha.