Saratani ya Titi na Hamu ya Kupata Mtoto

Dada aliyeolewa juzi akiambiwa ana saratani ya titi, kwanza huwaza kifo. Wazo la pili humficha hata mumewe: je, nitazaa? Sisi wauguzi hulisikia swali hilo likinong'onwa wodini, mara nyingi baada ya dripu ya tatu au ya nne. Ni la kuulizwa kabla dripu ya kwanza haijatundikwa.

Dawa za kemotherapi, hasa saiklofosfamidi, huua seli za saratani, lakini huharibu pia mayai ya mwanamke, na mayai hayo hayaoti upya. Mwenye miaka 28 ana akiba kubwa kuliko mwenye miaka 40. Ipo sindano ya goserelini, inayochomwa kila wiki 4 ili kuzilaza ovari wakati wa matibabu. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, ovari zilishindwa kazi kwa wanawake 8 katika kila 100 waliochomwa, na 22 katika kila 100 wasiochomwa. Kugandisha mayai nako kupo, ila tusidanganyane, wengi wetu hatuna fedha hizo.

Hedhi ikikoma wakati wa matibabu, usidhani mimba haiwezi kuingia. Inaweza. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba, si vidonge wala sindano za majira.

Wanaomeza tamoksifeni kwa miaka 5 au 10 wana mtihani wao. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na wengine huiacha kimyakimya kwa sababu mawifi wameanza kuhesabu miezi. Dada, usifanye hivyo! Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 uliwafuata wanawake zaidi ya 500 wenye miaka 42 au chini, wengi wao saratani ikiwa haijaenea mbali. Walikuwa wametumia dawa za homoni miezi 18 hadi 30, wakazisimamisha kwa muda usiozidi miaka 2 ili wazae. Katika miaka 3 ya mwanzo saratani haikuwarudia zaidi ya wenzao. Miaka ya mbele bado inafuatiliwa.

Basi nenda kliniki na mumeo, asikie kwa masikio yake. Mwulizeni daktari vidonge visimame lini, mngoje miezi mingapi kabla ya kutafuta mimba, na baada ya kujifungua mvirudie lini.